Ngoma Bila Wachezaji

Swali ninalotaka tulitafakari katika sura hii lililetwa nyumbani kwangu na mjukuu. Alikuja Sumbawanga likizo ya Juni, wakati ule ambao upepo hushuka kutoka milima ya Mbizi na sisi wazee hatutoki nje bila koti zito. Alikuja na kompyuta yake ya kubeba, na kila usiku baada ya chakula alijifunika blanketi, akaiunganisha na simu yake ili apate intaneti, akaingia katika mchezo.

Nilianza kwa kuudharau. Hatimaye nilivuta kiti nikaketi karibu naye, kwa sababu mwalimu hata akistaafu hawezi kuona kijana anasoma kitu asitake kujua anasoma nini. Nikaona nchi nzima mle ndani. Kulikuwa na milima, bandari, masoko na makanisa ya mawe. Kila mtu aliyeingia, awe Mjerumani, Mbrazili au Mfipa kama mjukuu wangu, alijichagulia nafsi. Mmoja ni askari, mwingine mvuvi, mwingine mhunzi. Mjukuu wangu alikuwa mganga. Wenzake walipopigana na majitu, yeye alikaa nyuma akiwatibu. Nilimpenda zaidi mhunzi, kwa sababu nchi yetu ya Ufipa ilikuwa nchi ya wafua chuma, na mpaka leo mabaki ya malungu, yale matanuru marefu ya udongo, yamesimama katika mashamba ya uwanda wetu.

Basi usiku mmoja hakuifungua kompyuta. Wa pili hakuifungua. Nikamuuliza.

"Nimeacha, Babu."

"Umeshinda?"

"Mchezo ule hauna mshindi, Babu. Nimeacha tu. Wengi wameacha. Mji ni mzuri, lakini unatembea mtaa mzima huoni mtu."

Akanieleza kwamba waliotengeneza mchezo ule walikuwa na makusudi makubwa sana. Walitumia fedha nyingi na miaka mingi, na waliahidi ulimwengu ambao mtu angeweza kuishi atakavyo. Watu walimiminika, kisha wakaondoka mmoja mmoja.

Nilikaa na jambo hilo siku nyingi, kwa sababu ambayo msomaji ataiona mbele. Kwa nini watu huacha jambo lililotengenezwa kwa ustadi, ambalo wao wenyewe walilipenda? Na wakiondoka, lawama ni ya nani?

Wazee wenzangu ninaokaa nao kijiweni walikuwa na jibu tayari. "Vijana wa leo hawana uvumilivu." Jibu hilo ni jepesi mno. Kijana huyu alicheza mchezo ule zaidi ya mwaka mzima. Kwa kuwa wenzake wengi walikuwa Ulaya, walikutana saa nne au saa tano za usiku kwa saa zetu, na yeye alipambana na mtandao ambao ukinyesha tu unayumba. Mtu wa namna hiyo huwezi kusema hana uvumilivu. Tena, hao wanaomlaumu ni watu wanaokaa kwenye bao kutoka saa tisa mpaka giza linapoingia. Kwao uvumilivu wa kucheza si sifa wala tatizo. Wanacheza kwa sababu wanapenda.

Nikamwomba mjukuu anisomee habari za michezo ya aina hii, na nimejifunza mambo machache ambayo nadhani yana faida kwetu hata tusiocheza.

Mchezo wa kwanza wa namna hiyo ulianzishwa mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza. Haukuwa na picha, ulikuwa maandishi matupu. Mmoja wa waliouandika, Richard Bartle, alitoa makala mwaka 1996 akisema wachezaji ni wa aina nne. Wapo wanaotaka kupata vyeo na mali, wapo wanaotaka kuvumbua mambo yaliyofichika, wapo waliokuja kuzungumza na watu, na wapo waliokuja kuwasumbua wenzao. Nilicheka, kwa sababu katika miaka yangu yote ya ualimu sikuwahi kuwa na darasa lisilokuwa na hao wanne. Bartle alionyesha kwamba ukiongeza aina moja unaigusa nyingine. Wasumbufu wakizidi, waliokuja kuzungumza hukimbia, na mji huanza kupungua watu.

Mwaka 1997 kilifunguliwa kingine, Ultima Online. Watunzi wake walitaka hata wanyama waishi kama wanyama. Sungura wale majani, mbwa mwitu wale sungura, na mbwa mwitu wakipungukiwa chakula wajongee kwenye makazi ya watu. Ilikuwa kazi ya akili nyingi. Lakini wachezaji walipoingia waliua kila kilichotembea, upesi kuliko kilivyoweza kuzaliana, na wengi hawakutambua kwamba mpango huo ulikuwepo. Ukaondolewa. Mtunzi alipanda, na mgeni akavuna kabla ya maua.

Kisa kilichonikaa zaidi moyoni ni cha Star Wars Galaxies, kilichofunguliwa mwaka 2003. Humo mtu hakulazimika kuwa shujaa. Aliweza kuwa daktari, mshona nguo, au mwanamuziki wa kuwachangamsha waliochoka na vita. Zilikuwepo kazi zaidi ya 30. Watu walizisomea kazi hizo miezi na miezi. Mwezi Novemba 2005 wenye mchezo, wakitafuta wachezaji wapya, walizipunguza zikawa 9. Mtu aliyelala akiwa fundi bingwa aliamka akakuta ufundi wake hauna maana tena. Wengi wakaondoka, wageni waliotarajiwa hawakujaa, na tarehe 15 Desemba 2011 mchezo ukafungwa.

Nilipoisikia habari hiyo nilinyamaza. Mjukuu akadhani nimesinzia.

Kabla sijaeleza kilichoninyamazisha, nataka turudi kwetu, maana si kweli kwamba jambo hili limeletwa na kompyuta. Afrika Mashariki tulikuwa na mchezo wa kujipa nafsi nyingine na vyeo, wenye matawi katika nchi nyingi, kabla ya umeme kufika kwenye miji yetu. Ulikuwa ngoma ya beni.

Ilianza pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, na jina lake latokana na neno bendi. Watu walijigawa katika vyama vinavyoshindana. Huku Tanganyika vilivyojulikana zaidi ni Marini na Arinoti. Kila chama kilikuwa na mfalme wake, majenerali wake, madaktari wake, na wanawake pia walikuwa na vyeo vyao. Walishona sare, wakapiga gwaride, wakatuma barua kutoka tawi hadi tawi. Vita ya 1914 hadi 1918 iliieneza ngoma hiyo kwa askari na wapagazi wa pande zote mbili. Vita hiyo ilikoma mlangoni kwetu, kwa kuwa jeshi la Lettow-Vorbeck liliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo, ng'ambo ya mpaka. Watu waliporudi makwao walirudi na ngoma. Mwanahistoria Terence Ranger ameyaeleza haya katika kitabu alichokitoa mwaka 1975.

Baba yangu mkubwa alifanya kazi katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na mimi nikiwa mdogo alitusimulia kuhusu kalela, ngoma iliyozaliwa katika ukoo wa beni. Vijana walivaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vinavyong'aa, wakawa na mfalme wao, na daktari wao mwenye joho jeupe. Mchana mtu huyo alisukuma toroli chini ya ardhi na kuitwa boi. Jumapili alikuwa daktari. Baba mkubwa hakuona kichekesho ndani yake. Alisema, "Ukifiwa kule ugenini, wenzako wa ngoma ndio waliokuzikia."

Mimi nadhani hapo ndipo penye siri ya beni kudumu muda mrefu. Mgeni aliyeshuka katika mji asioujua aliulizwa, wewe wa Marini au wa Arinoti? Akishajibu, alipata mahali pa kulala. Cheo kilikuwa cha kuigiza, lakini chakula na sanda vilikuwa vya kweli.

Na hata hivyo beni ilififia. Gharama za sare, ala na karamu zilipanda, kwa kuwa kila upande haukukubali kuzidiwa. Wakubwa wa serikali ya kikoloni waliitazama kwa mashaka. Waliosoma wakaanza kuondoka, wakaenda kwenye vyama vya wafanyakazi, mpira na siasa. Nadhani wengine waliona haya kuigiza cheo cha mtawala wakati cheo chenyewe kilikuwa kinakaribia kupatikana. Wahenga walikwishasema kwamba ngoma ivumayo haidumu.

Sasa nieleze la kwangu.

Katika miaka ya 1980 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha uwanda wetu. Nilitoka chuo cha ualimu nikiwa na moto wa Elimu ya Kujitegemea, na sikuridhika na utaratibu wa viranja wawili watatu wanaoandika majina ya wapiga kelele. Nikaamua shule yangu iwe nchi. Kila darasa likawa mkoa wenye mkuu wake. Tukawa na bunge, mahakama, na benki iliyotoa noti za karatasi nilizozikata kwa mkono usiku, kwa taa ya chemli. Aliyelima vizuri shamba la shule alilipwa noti, na kwa noti alinunua penseli au ruhusa ya kupiga kengele. Tukawa na waziri wa mazingira, waziri wa michezo, na waziri wa maji.

Muhula wa kwanza ulikuwa kama sikukuu. Watoto walifika kabla ya jua. Wakaguzi waliotutembelea walinisifu, nami nikavimba kichwa.

Muhula wa tatu bunge lilikuwa na watu sita.

Wakati ule nililaumu watoto, nikalaumu wazazi, nikalaumu njaa ya Februari. Leo naona sababu zangu zote katika habari ya michezo ya mjukuu. Vyeo vilichukuliwa vyote na darasa la sita na la saba, na mtoto mgeni alikuta nchi imekwisha kugawanywa. Twasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu huitumia methali hiyo kumfukuza mgeni kwenye uvivu. Lakini jembe ni heshima pia, maana anayepewa jembe amepewa nafasi shambani. Mimi wageni wangu sikuwapa. Tena noti zilipatikana kwa njia moja tu, kulima, kwa hiyo mtoto aliyekuwa hodari wa kuimba au kusuluhisha ugomvi alibaki fukara. Na wenye noti nyingi waligundua kwamba penseli za benki zimekwisha. Wakawa matajiri wa karatasi.

Nilipoona nchi inanywea, nikaitengeneza upya kwa amri. Asubuhi moja kwenye mstari nilitangaza kwamba wizara zimefutwa na zitaundwa nyingine tatu. Sikumwuliza mtu.

Waziri wa maji alikuwa mvulana wa darasa la tano, wa pekee wa darasa lake kupata cheo, kwa kuwa wakubwa hawakukitaka. Kisima kilikuwa mbali. Yeye alikuwa amepanga zamu za ndoo, akaziandika kwenye ubao wa mbao aliouchonga mwenyewe, na katika muda wake hapakuwa na siku mtungi wa shule ulikauka. Asubuhi ile niliufuta uwaziri wake kwa neno moja. Hakusema kitu. Aliacha kuja bungeni. Nilimwita mara mbili, hakuja. Mara ya tatu nilimchapa fimbo nne mbele ya wenzake kwa kosa la utoro.

Miaka mingi ilipita. Siku moja sokoni Sumbawanga, nikinunua maharage, mtu mzima mwenye mvi alinikaribia akavua kofia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hujambo, baba?"

Alijitambulisha. Tulizungumza habari za mvua na bei ya mahindi. Tulipokuwa tunaagana akasema, bila hasira, "Mwalimu, ule uwaziri nilikuwa naupenda kweli."

Nilirudi nyumbani sikukumbuka kuchukua maharage niliyokwisha kuyalipia.

Msomaji ataona sasa kwa nini nilinyamaza mjukuu aliponisomea habari za wale mafundi waliofutiwa ufundi wao. Mwenye kuanzisha jambo hudhani jambo ni lake. Alilifikiria yeye, akakesha nalo. Lakini siku mtu wa kwanza anapoingia na kuweka humo jasho lake, jambo linakuwa na wenyewe wawili. Anayeweka jasho ana haki ya kuulizwa. Asipoulizwa, kuondoka kwake si utoro. Ni njia pekee aliyoachiwa ya kusema. Na mimi nilimpiga mtoto kwa kusema.

Lakini nisimpe msomaji fikra kwamba ubora wa mchezo ni kushika watu tu. Hapa mjini, kama katika miji mingine, zipo mashine za kamari zilizowekwa kwenye vibanda, na wapo vijana wanaobeti mechi za Ulaya kila siku ya Mungu. Michezo hiyo haikosi watu. Mtu anapoteza nauli, kesho anarudi. Mjukuu aniambia hata ile michezo ya nchi za kubuni mingine imejifunza hila hiyo. Humpa mchezaji zawadi ndogo kila siku anapoingia, na akikosa siku moja hupoteza hesabu yake yote. Hapo mtu harudi kwa mapenzi, anarudi kwa hofu ya kupoteza. Kama kipimo ni idadi ya wanaobaki, basi gereza ni mchezo bora kuliko yote.

Kwa hiyo tunahitaji vipimo vingine, nami napendekeza viwili.

Cha kwanza ni kama mlango uko wazi na watu wanabaki. Ndiyo maana nalistaajabia bao. Mashimo 32 na kete 64, hakuna sare, hakuna cheo kinachodumu zaidi ya mchezo mmoja. Aliyelitunga hatumjui, na hakuna anayeamka asubuhi akabadilisha kanuni zake. Mzee mwenzangu hanifuati nyumbani nisipokwenda. Lakini siku mbili zikipita hutuma mtoto kuuliza kama ninaumwa. Mjukuu wangu alikosa kuingia katika mchezo wake wiki nzima kwa ajili ya mitihani, na aliporudi hakuna aliyemwuliza alikuwa wapi. Watengenezaji walimpa milima na bandari. Mtu wa kumwuliza hali hawakuweza kumtengenezea, na wale waliokuwa nao, waliokuja kuzungumza, walikuwa wamekwisha kimbia.

Cha pili ni kile mtu anachoondoka nacho. Beni ilikufa, lakini walioondoka waliondoka wakijua kuandika barua za chama, kukusanya michango, kumzika mgeni. Ujuzi huo uliwafaa katika vyama vilivyofuata. Siwezi kusema ngoma ile ilishindwa. Kuna mambo ambayo kazi yake ni kumlea mtu mpaka ayazidi, na shule ni moja ya mambo hayo. Mwalimu anayelia kwamba darasa la saba wameondoka hajui kazi yake.

Na aliyekosea anaweza kurekebisha? Nimesoma kwamba inawezekana. Mchezo uitwao Final Fantasy XIV ulifunguliwa mwaka 2010 ukiwa mbovu, na wachezaji wakalalamika. Wenye mchezo waliomba radhi hadharani, wakaacha kwa muda kutoza ada, wakamweka msimamizi mpya, na mwezi Novemba 2012 wakaifunga nchi ile ya kwanza. Mwaka 2013 wakafungua nyingine mahali pake, nayo inao watu wengi mpaka leo. Hawakuwalaumu walioondoka. Walianza kwa kusema, tumekosa.

Mimi nchi yangu siwezi kuifungua tena. Lakini baada ya mazungumzo haya na mjukuu nilipanda gari dogo la abiria nikaenda katika kijiji kile. Nilimkuta bwana yule akiezeka banda. Tuliketi kwenye gogo. Nikamwambia nilikosa kumfutia kazi yake bila kumwuliza, na nilikosa zaidi kumchapa. Alikaa kimya muda mrefu, akichora chini kwa kijiti. Kisha akasema fimbo alikwisha isahau, ila ubao ule wa zamu aliuchukua nyumbani siku ile, na mama yake aliutumia kufunikia mtungi mpaka ukaoza. Akaniambia kwamba sasa yumo katika kamati ya maji ya kijiji. Nikamwuliza kama kazi inakwenda vizuri. Akasema watu wanachelewa kulipa, lakini wanakuja kwenye mikutano.

"Unawafanyaje mpaka wanakuja?" nikamwuliza, maana mimi nilishindwa.

"Nawauliza kwanza, Mwalimu," alisema. "Na asiyekuja, namfuata kwake kumjulia hali."

Mjukuu wangu amerudi chuoni. Sijui kama atauingia tena mchezo ule, na sikumshauri aingie wala asiingie. Nilimwomba jambo moja tu. Kama katika mji ule mtupu amebaki mtu hata mmoja aliyewahi kutembea naye, amwandikie, amwulize hali.